Karatasi Niliyoiita Kiinua Mgongo

Nakumbuka siku moja ya baridi kali, mwanangu, siku niliyojiona msomi kuliko wote kiwandani. Kiwanda chenyewe kilikuwa Plymouth, huku huku Marekani, tukitengeneza viti vya magari ya Kimarekani. Wengine walikata sponji, wengine walishona ngozi, mimi nilikaza bolti. Magari hayo yalikuwa hayanunuliwi kama zamani, na kila baada ya muda tulikuta sehemu nyingine ya kiwanda imezimwa taa. Asubuhi hiyo wakatugawia bahasha.

Jirani yangu kazini alikuwa Mzee Saidi, mtu wa Tanga, fundi wa kushona ambaye hata wasimamizi walipitisha kidole kwenye mshono wake kwa kuusifu. Kiingereza chake kilitosha salamu na hali ya hewa. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, figo zikiwa zimeshindwa, kwenye kliniki moja Maplewood, na bima iliyolipia ni ile ambayo chama chetu cha wafanyakazi kiliipigania. Barua yoyote ya kiwanda mzee aliniletea mimi. Nami, na digrii yangu ya Morogoro iliyolala kabatini, nilipenda sana kuletewa. Usicheke.

Mwakilishi wa chama, mama mmoja Mmarekani, alikuwa amepita meza kwa meza akituomba tusitie saini chochote kabla ya mkutano wa Alhamisi. Nilimwona ana maneno mengi.

Wakati wa chai mzee akaweka bahasha mbele yangu. "Haya msomi, wanasemaje?"

Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili nikaurukaruka. Kampuni ilikuwa inatoa fedha, wenyewe wanaita buyout, kwa mfanyakazi atakayekubali kuondoka kwa hiari. Kueleza yote hayo kungechukua muda, na chai yangu ilikuwa inapoa. Nikatafuta neno fupi.

"Mzee, wanakupa kiinua mgongo."

Uso wake ukang'aa. Unajua kwetu kiinua mgongo ni shukrani: umetumika, umestaafu, unapewa chako unakwenda nyumbani. Nani anasoma masharti ya shukrani? Alitia saini palepale, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akuzidishie, kijana wangu," akasema, nami nikaitikia amina bila haya.

Mwezi uliofuata akanipigia simu kutoka kliniki. Karani alikuwa amemrudishia kadi ya bima. "Anasema kadi imekufa," mzee akasema. "Kadi inakufaje na mimi niko hai?"

Nikadhani ni kompyuta tu. Nikaendesha gari hadi Maplewood, nikamkuta Bi Zuhura amekaa na koti lake, mkono mmoja wa koti ameshauvua, tayari kwa sindano, akisubiri aitwe. Mzee akanipa ile bahasha. Hapo ndipo nilipofungua ukurasa wa tatu kwa mara ya kwanza.

Mwanangu, iliandikwa waziwazi: anayetia saini anaacha haki ya kuitwa tena kazini, anaacha haki ya kuhamishiwa kiwanda kingine, na bima yake inakoma mwisho wa mwezi. Siku za kubadili mawazo zilikuwa zimepita. Na wale waliongoja Alhamisi, chama kilikuwa kimewapatia bima ya mwaka mzima. Nikasoma tena, nikidhani macho yananidanganya. Sikuhitaji kutafsiri, mzee aliusoma uso wangu.

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Ungeniambia hujui, ningemngoja yule mama."

Bi Zuhura walimhudumia siku ile, Mungu awalipe, lakini matibabu ya wiki zilizofuata hayakuwa na wa kuyalipia. Mzee, na miaka yake sitini na kitu, akaanza upya kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja Bloomington, kwa sababu kazi ile ilikuwa na bima. Nilikwenda kumwona. Nikamkuta ameinamia rundo la mashuka yaliyolowa. Aliponiona alijaribu kunyooka, mkono kiunoni, akashindwa, akacheka. "Msomi, kiinua mgongo chako hiki hapa."

Nilifika kwenye gari nikalia.

Ndiyo maana jana uliponiletea barua ya kiwandani kwenu, ukaniambia, "Ni buyout tu, Uncle, soma haraka niko late," niligeuza ukurasa mmoja mmoja mpaka ukaudhika. Sikuwa nakudharau. Nilikuwa namwona Bi Zuhura na koti lake.

Basi sikia. Neno la nyumbani likikujia upesi kwa jambo la huku, litilie shaka. Kurasa za mwisho zisome kwa utulivu uleule wa ukurasa wa kwanza. Chama chenu kisikuchoshe kwa mikutano yake, wenzetu waliipata bima kwa mikutano kama hiyo. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama anayekuuliza anakuita msomi.

Barua yako nimeisoma yote, mara tatu, na jibu langu ni hili: sijui. Alhamisi nipitie twende mkutano wa chama chenu, nitakuwa nimeshavaa koti. Tutakaa mbele, tuulize mpaka watuchoke. Mungu akulinde, mwanangu, akuepushe na watu wanaojua haraka kama mimi, na uzee ukukute umesimama wima.