Ramu Nne na Kanuni ya Valvu

Bi Tisini aliajiriwa na idara ya maji ya manispaa Jumatatu, tarehe 3 Machi 2003, kuwa mchora ramani daraja la tatu. Barua ya ajira imo kwenye jalada lake, na mwenye ruhusa ya masjala anaweza kuiomba akaisoma. Ndani ya barua hakuna neno Tisini. Hilo alipewa na mafundi bomba kabla hajamaliza mwaka, na walikuwa na sababu.

Ukifungua valvu ya barabarani ili kupima laini, maji yanatakiwa kutokea upande wa pili ndani ya sekunde tisini. Yasipotokea, funga. Usijiulize, usimtume mtu akachungulie. Maji hayo yanakwenda mahali, na mahali hapo pana mtu. Mwaka ule wa kwanza yeye alisubiri dakika nne. Maji yalitokea kwenye chumba cha chini cha fundi cherehani, mitaa miwili mbele, na sare za shule mia mbili na kumi zikaelea. Fundi cherehani alimsamehe mwaka 2009. Tangu siku ya mafuriko hayo Bi Tisini hajavaa saa isiyo na mshale wa sekunde, na valvu yoyote iliyo mbele yake hufungwa ikifika tisini, hata mkubwa wake akiwa katikati ya sentensi.

Kwa miaka ishirini na miwili alichora kila bomba la mji: unene wake, kina chake, mwaka lilipofukiwa, na picha ya shimo kabla halijafunikwa. Ramani ikanenepa. Ilipofika miaka ya karibuni, theluthi yake moja tu ilitosha kujaza gigabaiti thelathini na mbili, yaani kumbukumbu yote ya kompyuta ya ofisi. Akifungua magharibi, mashariki inagoma. Akiita mashariki, magharibi inamponyoka. Alifanya kazi hivyo kwa miaka, kama mtu anayejifunika shuka fupi: akivuta kichwani, miguu inabaki nje.

Kisha ubao mama wa kompyuta hiyo, ule unaobeba vipuri vyote, ukaungua. Chumba kikanuka plastiki kwa siku mbili.

Mkuu wa idara, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, alimwita ofisini akafunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake.

"Bi mkubwa, nikae nawe wazi," alisema. "Kuna kampuni inataka kuichukua ramani yote. Watachora, watatunza, sisi tutakuwa tunaomba nakala. Mkataba uko kwenye droo hii."

"Na mimi?"

"Dirisha la malalamiko lina kiti kitupu."

"Nitakuwa nawaambia watu maji yatarudi lini?"

"Utakuwa unawaandikisha tu. Kuwaambia si kazi ya dirisha." Mkuu akakuna nyusi. "Nipe ramani yote imefunguka, mashariki na magharibi kwa pamoja, Alhamisi saa mbili asubuhi. Ikishindikana, nasaini. Sina ubaya na wewe."

Kununua kompyuta mpya kulihitaji kikao cha kamati ya ununuzi, na kamati hukaa mara moja kwa robo mwaka. Kutengeneza kompyuta iliyopo kulihitaji saini moja. Basi ikaamuliwa kwamba kompyuta inatengenezwa: ubao mama mpya, prosesa mpya, kumbukumbu mpya, pawa saplai mpya. Vitakavyobaki ni diski yenye ramani na sanduku la bati lenye namba ya mali ya serikali ubavuni. Kwa mujibu wa daftari la mali, hiyo ni kompyuta ileile.

Muuza vipuri aliitwa Dokta kwa sababu ya lenzi aliyokuwa akiifunga kwenye paji la uso. Duka lake lilikuwa kaunta moja, taa moja, na rafu zilizosimama hadi darini. Bi Tisini aliingia Jumanne asubuhi na kuweka kauntani ubao mama ulionunuliwa na ofisi, na bahasha yenye ramu za zamani, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu.

Dokta alitoa ramu moja kwenye bahasha, akaigeuza, akairudisha.

"Hizi hazitaingia. Ni kizazi cha nne, bodi yako inakula cha tano. Unaona huu mkato hapa chini? Kwenye kizazi cha tano uko mahali pengine."

"Nikipiga tupa kidogo?"

"Utaua vyote viwili."

Bi Tisini hakubishana. Nati ya inchi na bomba la milimita anazijua, na anamjua fundi aliyewahi kuzilazimisha.

"Haya, nipe mpya. Nne za thelathini na mbili."

"Nne za nini, dada yangu? Chukua mbili. Nina mbili za arobaini na nane, jumla tisini na sita. Zitakaa kwa raha, zitakimbia."

"Na nafasi mbili zinazobaki?"

"Zinabaki."

"Wazi?"

"Wazi. Kwani ni nyumba ya wageni?"

"Ramani yangu peke yake ni tisini na sita. Kompyuta yenyewe itakaa wapi, barazani?"

Dokta alifikiri kidogo. "Zipo za sitini na nne kila moja. Mwezi ujao."

"Mwezi ujao nitakuwa dirishani."

"Dirisha gani?"

"Nipe nne."

"Nakupa, lakini usije ukasema Dokta hakukwambia. Nne zinaielemea bodi. Itazipunguza mwendo, pengine theluthi nzima, ili zisigombane."

"Mimi natazama mabomba," alisema Bi Tisini. "Mabomba hayakimbii."

Akazipanga zile pakiti nne kauntani na kulinganisha namba za lebo, tarakimu kwa tarakimu, mara mbili. Prosesa aliichagua kwa dakika tatu. Kwenye pawa saplai alitumia dakika arobaini, kwa sababu prosesa ni mambo ya akili na pawa saplai ni mambo ya shinikizo, na shinikizo ndiyo kazi yake. Alitaka kujua inatoa kiasi gani ikiwa baridi, kiasi gani ikipata moto, na nani alipima. Dokta alijibu mawili, la tatu akasema Mungu anajua.

Kuna jambo moja Dokta hakulisema, kwa kuwa wateja wake wengi wanalijua. Hata yeye asingeweza kukisia kwamba kulinyamazia kungekuwa na madhara.

Jumatano saa nne asubuhi Bi Tisini alitandika karatasi ya grafu juu ya meza ya kuchorea, akafungua sanduku la bati, akafuta vumbi la miaka kumi. Hakuwahi kufunga kompyuta, ila alikuwa amefunga pampu. Kila skrubu iliyotoka aliiweka kwenye mraba wake na kuuandikia namba. Ramu ziliingia moja baada ya nyingine, kila moja ikalia *ta* pande zote mbili. Saa tano na dakika kumi aliwasha.

Feni zikazunguka. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka pembeni mwa ramu. Skrini ikabaki nyeusi.

Bi Tisini alitazama mshale wa saa yake. Sitini. Sabini. Themanini. Ilipofika tisini alizima.

Akaandika: *Jaribio la 1. Sekunde 90. Giza.*

Alizikandamiza ramu upya. Giza. Akabadilishana ya kwanza na ya tatu. Giza. Akafunga na kufungua waya wa umeme, akafuta meno ya ramu kwa kifutio cha penseli, akageuza skrini kana kwamba kosa liko upande ule. Kila mara taa ya chungwa iliwaka, kila mara sekunde zilitimia, kila mara alizima. Saa saba mchana daftari lilikuwa na mistari kumi na mmoja, yote ikisema kitu kimoja kwa mwandiko mzuri.

Hapo ndipo mumewe alipoingia. Ni dereva mstaafu wa malori, na alikuwa amemletea miwani ya kusomea aliyoisahau nyumbani. Aliketi bila kukaribishwa, kwa sababu ya magoti.

"Imewaka?"

"Haijawaka."

"Mbona feni zinazunguka?"

"Feni si ramani."

"Na hiki kitaa?"

"Sijui."

"Mama, wewe husema sijui?" Mzee akavua kofia. "Hii siku ya kuandikwa."

"Baba watoto, kama umekuja kucheka, miwani nimeshaipokea."

"Mpigie aliyekuuzia. Mganga hajigangi, na wewe hata mganga si wewe."

Alipiga, akaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi ili mikono ibaki huru. Dokta alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama ramu zote zimelia zilipoingia. Zimelia. Aliuliza rangi ya taa. Chungwa.

"Sasa ukiwasha, unasubiri muda gani?"

"Sekunde tisini."

"Halafu?"

"Nazima."

"Kwa nini tisini?"

"Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

Bi Tisini akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

"Ya valvu," alisema.

Kisha Dokta akasema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Dada yangu, sikiliza. Ramu mpya na bodi mpya hazijuani. Ukiwasha mara ya kwanza zinapimana kwanza, moja moja, taratibu, kabla ya kukuonyesha chochote. Mbili zinachukua dakika chache. Nne, hata robo saa. Ukizima katikati zinaanza upya. Ukizihamisha nafasi, ndiyo umewaleta wageni wengine."

"Kwa hiyo mara kumi na moja..."

"Mara kumi na moja umevunja posa kabla ya mahari kutajwa. Washa. Halafu usiiguse."

Aliwasha. Mumewe akakivuta kiti cha mkewe, mke mwenyewe akiwa amekikalia, hatua mbili nyuma kutoka mezani, kisha akaweka kiti cha pili katikati na kukikalia mwenyewe.

Dakika moja na nusu ilipita. Mkono wa Bi Tisini uliinuka wenyewe.

"Weka chini," alisema mzee.

"Nimeuweka."

"Huo mwingine."

Akaikalia mikono yote miwili. Dakika ya tatu alisema inavuja. Mzee akasema hakuna maji humu. Dakika ya nne, ambayo ndiyo iliyofurisha chumba cha fundi cherehani, alifumba macho. Dakika ya sita feni zilikatika zenyewe, kimya, kisha zikaanza tena. Alisimama. Mumewe akamshika mkono wa gauni.

"Imekufa."

"Imepumua. Keti, mama. Nimelala chini ya lori siku mbili nikisubiri spea, sembuse wewe, uko kivulini."

Dakika ya kumi na moja na sekunde ishirini skrini ikawaka. Iliandika gigabaiti mia moja ishirini na nane, na chini yake mwendo uliokuwa mdogo kuliko ulioandikwa kwenye pakiti. Bi Tisini aliunakili kwenye daftari. *Jaribio la 12. Dakika 11, sekunde 20. Mwanga.*

Ramani ilichukua dakika tisa kufunguka. Mashariki ilikuja, magharibi ikaifuata, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuichora zikakaa pamoja, mji mzima wa buluu na nyekundu. Mzee alitafuta nyumba yao, akaiona, akaridhika, akaenda zake.

Bi Tisini alibaki akifuata kwa kidole mstari ambapo pande mbili zinakutana. Saa kumi kasoro, kidole kilisimama. Bomba kuu lililotoka magharibi na lile lililotoka mashariki hayakugusana. Kati yake palikuwa na mita moja na sentimita ishirini, na valvu moja iliyochorwa mara mbili, kila upande na yake. Kosa lilikuwa lake, na tarehe ilikuwapo: miaka kumi na minne iliyopita. Alipokuwa akifungua kipande kipande, kila kipande kilikuwa sahihi.

Angeweza kulisawazisha kwa dakika mbili. Hakuna aliyekuwa amewahi kuliona.

Alhamisi saa mbili kamili mkuu wa idara alisimama nyuma ya kiti chake.

"Imefunguka yote," alisema mkuu. "Sikutegemea."

"Imefunguka. Na nina kosa la kukuonyesha."

Akamwonyesha. Mkuu aliinama hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye skrini.

"Kosa la nani?"

"Langu."

"Kampuni ingeligundua?"

"Ingepokea ramani kama ilivyo, na siku ya kuchimba wangelitoboa bomba kuu."

Mkuu alitaka kujua kama yapo mengine. Bi Tisini alisema hajui bado, kwa sababu amepitia robo tu ya mstari. Mkuu akasema basi amalizie, akarudi ofisini kwake. Karani wa masjala alipopita saa nne kuchukua nyaraka zilizosainiwa, mkataba haukuwamo.

Jumatatu saa moja asubuhi Bi Tisini na mafundi bomba wawili watachimba mahali pande mbili za ramani zinapokutana, kina cha mita moja na nusu, waone valvu iko upande gani.