Kitambaa Chini ya Gari

Harufu ya oili iliyoungua hunirudisha kwenye asubuhi za kipupwe, baba amechutama kando ya gari letu kuukuu. Kila jioni alitandaza kitambaa cheupe chini ya injini. Asubuhi akitazama matone yameangukia wapi, ajue oili inavujia wapi.

Siku moja watu wawili wenye karatasi walikuja wakaondoka na gari. Mama akajifungia chumbani. Jioni baba akatandaza kitambaa palepale, mahali patupu.

Asubuhi akaniita.

"Naam, baba."

"Njoo utazame. Hata tone moja hamna."

Nilitazama kitambaa, nikamtazama yeye. Sikujua nicheke au nimwite mama.

"Limepona, baba," nikasema.

Akakikunja taratibu, akanipa nimwekee mpaka jioni.