Wimbo wa Michi Miwili

Juzi mdogo wangu alikuja kunitazama hapa Kalangalala, mjini Geita. Naye ameshazeeka, anatembelea mkongojo, lakini shikamoo yangu hajaacha kunipa. Tukiwa tunamenya karanga akasema, "Dada, watu husema mama alikuwa na wimbo wa kutwangia. Mbona mimi sikuwahi kumsikia akiuimba?" Karanga zikanimwagika mapajani.

Wewe rafiki yangu nitakusimulia, kwa kuwa hukumjua mama. Tulikaa kijijini, Shinyanga, enzi za Mwingereza, na baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mtama tuliutwanga wawili katika kinu kimoja. Mchi wa mama ukipanda, wangu unashuka. Bila wimbo michi hugongana, na vidole vya mtoto ndivyo vinavyoumia. Mama aliuliza, "Aliyekwenda Geita yuko wapi?" Nami nikajibu, "Yuko njiani, anakuja." Kwa Kisukuma ulikuwa mtamu, jamani! Nikiutia kwenye Kiswahili unapooza kama uji uliolala. Niliupenda kuliko nyimbo zote za ngoma. Pumba zilikuwa zinaniwasha shingo nzima, wala sijali.

Mwaka huo mama alikuwa mja mzito. Siku moja, yeye akiwa kisimani, akaja mwenzake baba wa machimboni, amebeba blanketi la baba. Hakusema mengi. Shimo liliporomoka, wamemzika hukohuko. Bibi, mama yake baba, hakulia. Alilikunja lile blanketi, akalifukia ghalani chini ya mtama, kisha akanishika sikio. "Mimba iliyopita ilimtoka kwa habari ya msiba. Ukifungua mdomo kabla hajajifungua, umewaua wawili."

Nilikuwa na miaka minane. Kesho yake mama akaniita kinuni. "Aliyekwenda Geita yuko wapi?" Ningefanya nini, rafiki yangu? Nikijibu naongopa, nikinyamaza anajua. Nikajibu, tena kwa sauti kubwa kuliko siku zote, mama akacheka akasema leo umeamka na nguvu. Ikawa hivyo kila siku. Mtama ghalani ulizidi kupungua, nami nikawa nakimbilia kuuchota mwenyewe ili mama asilione blanketi.

Mtoto alizaliwa salama. Ndiye huyu wa mkongojo. Kitovu kilipodondoka, bibi akalitoa blanketi. Mama hakupiga yowe. Aliuliza tu lilifika lini. Alipoambiwa, alimwacha bibi akanigeukia mimi.

"Bibi yako alininyamazia," akasema. "Wewe uliniimbia."

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Tangu hapo alitwanga peke yake, kimya, mpaka uzee. Mchi wangu ulisimama ukutani hadi ukaliwa na mchwa. Bibi, Mungu amrehemu, nina hasira naye hata leo, halafu namwona mdogo wangu anatafuna karanga na hasira yenyewe sijui niipeleke wapi. Siku hizi mashine za kusaga zinanguruma kutwa, na kinu chetu kuku wananywea maji.

Basi mdogo wangu alikuwa bado ananisubiri. Nikaimba, kwa Kisukuma chetu: aliyekwenda Geita yuko wapi? Nikaokota karanga nyingine nikaimenya.

"Halafu?" akauliza.

Nikamwambia unaishia hapo.