Wimbo wa Farasi wa Mwisho

Wiki iliyopita binti wa jirani yetu wa zamani alinitumia video: mwanawe, hata meno ya mbele hana, yuko juu ya farasi anayetimua mbio. Nilimjibu "mashallah". Lakini wewe nikufiche nini? Wivu ulinirudia kama zamani kule Xiaobei, mtaa wetu wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko Uchina.

Ilikuwa miaka ile biashara ya Guangzhou, jiji lenye mtaa huo, imechanganya. Mama alinunua nguo za jumla soko la Zhanqian na kuzisafirisha Mombasa, na mimi nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kukunja suruali na kuzifunga dazeni dazeni, chumba kizima kikinuka nailoni mpya. Chini yetu walikaa Wamongolia wenye mkahawa wa nyama ya kondoo. Harufu ya mchuzi wao ilipanda ngazi hadi kitandani kwangu. Kila Jumapili yule baba alivaa deraya ya ngozi, akaenda kuigiza jeshi la kale la Wamongolia kwenye uwanja wa maonyesho nje ya jiji. Binti yake, rika langu, alipanda farasi tangu ana miaka mitatu. Mimi nilipanda marobota.

"Mama, nami nataka farasi."

"Ebo! Utamfunga wapi, humu ngazini?"

Siku moja jirani akatuchukua kutazama. Vita vya maigizo vilipokwisha, watoto wakashindana kwa farasi wachanga. Nilimwomba Mungu yule binti ashindwe, na nikajibiwa: alifika wa mwisho, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Basi si wazee wao wakateremka uwanjani! Wakamzunguka farasi wake, wakammiminia maziwa mgongoni, wakaanza kumwimbia.

"Ndiyo desturi yetu," jirani akanieleza. "Wa mwisho huimbiwa, asivunjike moyo. Mwakani atatangulia."

Binti alikaa wima juu ya tandiko, kidevu juu, kama bibi harusi. Kicheko kikaniishia. Mimi shuleni nilishika mkia kila muhula, na sikumbuki kuimbiwa.

Mkahawa haupo tena, na uwanja umejengwa maghorofa. Sisi tuliondoka kabla ya hayo, biashara yetu ilipoanguka. Mama aliuza suruali zilizobaki kwa bei ya kutupa, akabeba sanduku lake, tukashuka ngazi zile. Wenzake wote walikuwa wameshatajirika. Yeye alikuwa wa mwisho, na Xiaobei nzima hakutoka hata mtu mmoja mlangoni kumwimbia.