Neno Alilolisema Mkewe

Maji ya mafuriko ya Tana yalikuwa yamerudi mtoni, nami nilikuwa na homa, nikisinzia kwenye benchi la zahanati ya Garsen huku sauti za watu zikinijia kama zatoka chini ya maji. Mkulima mmoja wa Ndera aliingia na mkewe, akaomba dawa ya tumbo.

"Linakufanyaje?" dresa, mhudumu wa zahanati, akamuuliza.

"Linauma tu, la kawaida."

Mkewe akainamisha macho. "Damu," akasema. "Kila akienda choo, tangu tupande mpunga."

"Ni bawasiri," mume akanong'ona.

Dresa hakugusa kabati la dawa. Alimwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango. Walipotoka, alinawa mikono polepole.

"Nimegusa uvimbe mdogo, mzee. Huenda ni saratani. Nenda hospitali Mombasa wakautoe mapema."

"Na mpunga wangu?"

"Nitauvuna mimi," mkewe akasema.

Mkulima alikwenda, akapasuliwa. Mwaka uliofuata nilimwona kivukoni, amenenepa, akicheka.

Sisi wanaume husimulia bila haya tulivyopambana na mamba, lakini ya chooni tunamwachia mke ayaseme. Asiye na mke, basi ajifunze kuyasema mwenyewe.