Mkono Niliompa Mzee Loishiye

Sogea karibu, mwanangu, maana nasikia wewe nawe umeitwa kujaribiwa kwenye timu ya vijana. Nakumbuka siku moja, enzi za Mwingereza, vijana wa Tanganyika walipocheza na vijana wa Kenya hapa hapa Arusha. Kenya walikuwa wametufunga kila tulipokutana. Safari ile tuliutaka ushindi wetu wa kwanza.

Sharti lilikuwa moja: mchezaji asizidi miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa na ishirini. Nikachukua cheti cha ubatizo cha mdogo wangu Lazaro, bila yeye kujua, nikaandikishwa kwa jina lake.

"We Lazaro, ndevu hizo umeazima kwa nani?" Yona, golikipa wetu, alinitania tukifunga viatu. Nilicheka, nikainamia kamba za viatu.

Kabla ya mechi tulipangwa mstari, mzee mmoja wa heshima, Mzee Loishiye, atusalimie. Hapa nikueleze kidogo. Kwetu Waarusha, mvulana ambaye hajatahiriwa huinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini. Aliyetahiriwa hutoa mkono. Na miaka ile tohara ilikuwa imefungwa, watu wakisubiri rika jipya, kwa hiyo hapakuwa na mvulana wa umri wa Lazaro aliyestahili kutoa mkono. Yona aliinama, akaguswa. Nilipofikiwa mimi, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Miaka yangu ya umorani, tangu nitahiriwe, haikujua habari za cheti.

Mzee aliushika, hakuuachia.

"Mkono huu ni wa mtu mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Na hapa wanacheza watoto."

"Mzee, tunataka tuwafunge leo tu."

"Hawa watoto ndio watakaowafunga Kenya, au ni wewe? Mwambie mwalimu wako kabla filimbi haijalia. Mimi sitakusemea."

Mwalimu alisimama hatua kumi tu kutoka nilipokuwa. Sikwenda. Filimbi ikalia.

Kila nilipogusa mpira nilimtazama yule mzee, ameketi, fimbo magotini. Kipindi cha kwanza kikielekea kwisha, nikafunga. Uwanja mzima ukasimama, yeye hakusimama. Wakati wa mapumziko Yona alinikumbatia akilia kwa furaha, "Kaka, leo tumewaweza!" Nikajitoa mikononi mwake. Ndipo nikamwambia mwalimu.

Alivua kofia, akamfuata mwamuzi. Tukahesabiwa tumeshindwa. Ningesema kabla ya filimbi, ningekaa nje mimi peke yangu.

Mwaka uliofuata Lazaro, ambaye mguu wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, alikwenda kujaribiwa. Wakamwuliza jina, wakamrudisha. Jina hilo lilikuwa limefungiwa. Aliniletea viatu vyake vya mpira, akasema, "Chukua, kaka. Lazaro mchezaji ni wewe."

Mwanangu, kuvuka umri si aibu. Timu za wakubwa zipo. Lakini ukidanganya, wanaolipa ni wale uliosimama nao mstarini, na pengine hata aliyebaki nyumbani. Na ukishakosea, usingoje kwanza uone kama mtashinda. Sema mapema, kosa likiwa bado ni lako mwenyewe.

Mungu akupe miguu myepesi na jina ambalo ndugu zako hawataogopa kulitaja. Kesho wakikupa fomu, andika mwaka uliozaliwa wewe.