Kichwa cha Kijani Pale Tabora

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya transiti karibu na bandari ya Bujumbura, chef de transit, mkuu wa usafirishaji mizigo, alinipa kalamu, daftari na somo moja.

"Dada, wagoni ni kama mutu, iko na jina yake. Usiniambie mizigo iko njiani. Niambie namba."

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa hapohapo Bujumbura, baba akiwa fundi wa magari, na treni nilikuwa sijawahi kuipanda. Kazi yangu ilikuwa kuvuka ziwa hadi Kigoma, kushika reli hadi Dar es Salaam, kushuhudia mabehewa yetu yakitiwa lakiri, ule muhuri wa risasi unaothibitisha kuwa mlango haujaguswa, kisha kuyafuata kwa treni ya abiria.

Wenzangu walilala njiani. Mimi niliandika vichwa vya treni. Vya reli ile nilivijua kwa rangi na mlio, lakini mara mojamoja kilipita kigeni, cha reli ya nchi jirani, kilichovushwa Ziwa Viktoria kwa kivuko kuja kusaidia. Hivyo nilivipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Nikagundua kuwa vilifanya kazi upande wa Mwanza tu, ile njia inayochepuka kutoka yetu pale Tabora. Kigoma havikufika kamwe.

Chef alipoliona daftari alicheka. "Vichwa? Apana, dada. Yetu ni mizigo."

Kisha ukaja msimu ambao hospitali zetu ziliishiwa serum, yale maji wanayotundikiwa wagonjwa. Mabehewa matatu ya serum yalitangulia, nami nikafuata. Tuliposimama Tabora, kwenye njia ya pili palikuwa na treni ya mizigo inayotaka kuondoka, na mbele yake kichwa cha kijani. Cha jirani! Nikasoma namba za mabehewa. Matatu ya mwisho yalikuwa yangu.

Nilishuka mbio hadi kwa stesheni masta. Alifungua hati taratibu.

"Mama, hapa pameandikwa Mwanza."

Kweli, na mwandiko ulikuwa wa ofisi yetu wenyewe.

"Tumekosea sisi," nikasema. "Mzigo ni wa Bujumbura, wagonjwa wanaungoja."

"Nani atasaini?"

Sikuwa na cheo cha kusaini, na nikikosea kazi imekwisha. Nikasaini. Alinyanyua simu, ishara ikabaki nyekundu, mabehewa yakakatwa. Kesho yake yaliungwa kwenye treni ya Kigoma.

Bujumbura, chef alinipokea gatini, malori ya hospitali yakiwa nyuma yake. Alisoma hati niliyoisahihisha.

"Nani alikuambia zinaenda Mwanza?"

"Kichwa, chef."

Alinitazama, akacheka hadi akashika tumbo. "Eh bien! Tangu leo, we utasaini."

Nilistaafu nikiwa chef de transit mwenyewe, mwanamke wa kwanza katika ofisi ile. Vijana wa leo hufuata makontena kwenye simu, na kazi wanaijua. Sasa reli inajengwa kuja kwetu. Wanangu wananiuliza nitakwenda wapi nayo. Siendi popote. Nitasimama stesheni nihesabu vichwa vya majirani vikiingia Burundi.